Droni iliona uani hamna mtu, kumbe shangazi yumo ndani na kichanga

Wakuu, assalaam alaykum.

Mie humu ni msomaji tu, sijawahi kuandika hata neno. Hata darasani nikijua jibu hunyamaza. Ila hili nimeliandika kwenye daftari langu mara tatu na bado halijanitoka. Chumvi sikutia.

Nipo kidato cha tatu. Mtaa sitautaja, ni bondeni, upande wa Bububu.

Masika haya maji yaliingia majumbani. Sisi tulikimbilia skuli. Shangazi Zuhura akabaki ng'ambo ya maji na mama mkwe wake. Yumo kwenye arubaini, mtoto ana siku tisa. Simu zao hazipatikani.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Ilipokatika asubuhi akaja dada mmoja, Rukia, na droni. Ikapaa, ikavuma kama nyuki, ikapotea. Baadae picha zikaungana kwenye laptop zikawa ramani moja.

Wakuu, nilisahau kama nna njaa.

Mtaa wetu ulikuwa unaelea. Mabati kama karata zilizomwagika kwenye chai ya maziwa. Minazi kutoka juu ni nyota. Njia yangu ya dukani imekuwa mto, umetulia, mzuri, hata nikaona haya kuuona mzuri.

Boti ya mpira ilikuwa moja tu. Sheha, kiongozi wa mtaa, akauliza ianzie wapi. Dada Rukia akaonesha penye watu juu ya mapaa. Kwa shangazi, uani hamna mtu.

"Hawa washahama," sheha akasema. "Boti iende huku."

Nikasogea hadi kwenye laptop. Maana nnajua.

Droni ilipokuja siku ya majaribio, kabla ya mafuriko, wanawake tulikuwa uani tunafua, vichwa wazi. Tuliposikia mvumo tulikimbilia ndani kama vifaranga walioona mwewe. Na shangazi ndo kabisa, mzazi hatoki nje.

Nikasema. Sauti ilitoka nyembamba.

"Hawajahama. Wamejificha."

Sheha akageuka. "Umejuaje?"

"Mie mwenyewe hujificha."

Bibi mmoja nyuma yangu akacheka. "Makubwa! Kumbe huyu ana ulimi!"

Dada Rukia hakucheka. Akaikuza picha. Juu ya maji, kwenye kamba, nepi sita nyeupe.

"Mvua imekatika sasa hivi," nikasema. "Nani kaanika?"

Sheha akazitazama kidogo tu. "Boti ianze hapo!"

Shangazi alikuja kajifunika kanga mbili. Mtoto yumo kwenye beseni la kufulia, kalala.

"Maji yashafika kitandani," mama mkwe akatwambia. "Na lile dude lilivyopita nnaanika nepi, tukafunga na dirisha!"

Siku hizi kabla droni haijaruka hutangazwa kwa spika ya msikitini, watu wajistiri, watoke nje waonekane. Juzi nilisimama uani na mtandio wangu wa manjano, nikainua mkono. Kwenye picha mie ni punje ya mchele. Niliitazama sana ile punje.

Nilichojifunza: droni huona paa. Wa chini ya paa lazima asemewe na anayemjua, hata kama sauti yake ni nyembamba.

Kwenu ikipita mnatoka au mnajificha? Semeni. Nitasoma zote. Kujibu siahidi, haya hazijaniisha.