Amplifaya Niliyoichagua Nikiutazama Ukuta

Nilikwenda Koboko kuchagua amplifaya nikiwa bado na kitu kimoja cha kujivunia: masikio yangu. Mengine yalikuwa yamenipungukia, magoti, meno, hata subira. Lakini uzi wa gitaa ukilegea kidogo tu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukunja uso. Kanisani kwetu Arua vijana wa gitaa walinikwepa kwa sababu hiyo, nami sikuwahurumia hata kidogo.

Nilitaka ndogo, ya taa: zile taa za kioo zinazowaka polepole ndani na kuipa sauti ya nyuzi joto. Jazi ya sebuleni haitaki kishindo. Inataka sauti ya mviringo, isiyokwaruza, inayobaki nzuri hata ukiipiga chinichini. Mke wangu alifuatana nami kwa kuwa ana dada huko Kuluba, karibu na Koboko, si kwa mapenzi ya jazi. Nyumbani nikilishika gitaa tu, yeye huhamia jikoni na kufunga mlango. Nilishazoea. Nilijiambia jazi si ya kila mtu.

Fundi mwenye duka, Mnubi wa makamo mpole, alikuwa na mbili alizozifufua mwenyewe. Hakuuzii kitu cha sauti huku ukikitazama.

"Mzee, geuka, angalia ukuta," akaniambia. "Macho inapenda rangi. Wacha sikio ichague."

Nikageuka na gitaa langu, mke wangu akakaa kwenye benchi mlangoni. Fundi akachomeka waya kwenye ya kwanza. Nikapiga. Sauti ilikuwa nzito, kama imefunikwa blanketi. Akahamisha waya. Ya pili ilikuwa wazi, kila uzi umesimama peke yake. Nikarudia kipande kilekile kwa raha tu.

"Hii ya pili," nikasema bila kugeuka. "Safi kabisa."

Nilipogeuka nilimkuta fundi ameukunja uso, na mke wangu ameziba masikio kwa viganja.

"Mzee, hii iko mbovu," fundi akasema. "Taa yake moja imechoka, iko inapiga firimbi. Mimi napimia kila mutu na hii, nijue kama anasikia vizuri. Siwezi kukuuzia."

Mwamba ngoma huvutia kwake, nikawaza. Huyu anataka nichukue ile nyingine. Nikamwambia waziwazi kwamba hakuna firimbi yoyote na kwamba mimi si mshamba wa sauti. Hakukasirika. Alichomoa gitaa, akaiacha amplifaya ikiwa imewashwa, akaniomba niiname. Niliinama mpaka shavu likagusa kitambaa cha spika. Nilisikia mvumo wa chini tu, basi. Hapo mama mmoja aliyekuwa akipita nje na beseni la mihogo alisimama, akachungulia dukani.

"Nini iko inalia hivyo?" akauliza.

Huyu hakuwa na cha kuniuzia. Miaka kumi na minane nilisimamia mashine ya kusaga unga huko Omugo, nikipiga kelele ili wateja wanisikie, na haikunijia hata siku moja kwamba ilikuwa ikiyasaga na masikio yangu. Nikamtazama mke wangu. Nilitaka aseme kwamba wote wamekosea.

"Hata ile amplifaya ya zamani ya nyumbani unafungua sauti kali mpaka mwisho," akasema polepole, macho yake chini. "Inatoboa kichwa. Sasa iko miaka mbili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mimi nilifikiri jazi iko hivyo."

Niliketi. Miaka miwili! Na wale vijana wa kanisani, ambao kila Jumapili niliwaambia sauti yao imefifia, wakaongeza ukali kwa heshima yangu huku waumini wakivumilia. Niliona aibu. Fundi aliniletea maji.

Amplifaya aliichagua mke wangu. Alisimama mbele ya ile ya kwanza, ile ya blanketi, fundi akizungusha vitufe kidogo kidogo, mpaka akasema, "Hapo." Fundi akatia alama ya wino kwenye kila kitufe ili mimi nisiviguse.

Kesho yake, Arua, niliiwasha mchana, nikangoja taa zipate moto, nikapiga. Kwangu ilikuwa kama gitaa linapigwa nyumba ya jirani. Mkono uliniwasha kwenda kuongeza ukali, nikaukalia. Mlango wa jikoni ukafunguka. Mke wangu akatoka na ungo wa karanga, akavuta kigoda mpaka karibu na spika, akakaa.

"Kumbe iko tamu," akasema.

Nikamwuliza utamu wenyewe ukoje. Aliweka ungo chini, akaniambia nirudie taratibu, akaanza kunieleza.