Aliyeona Ajali Yangu Kaisho

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika usukani. Niliripoti Kayanga, makao makuu ya wilaya ya Karagwe, wakati huo Kyerwa bado haijawa wilaya, nikiwa na leseni mpya mfukoni na shati nililolipiga pasi mara mbili. Afisa Usafirishaji, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa madereva na magari yote ya halmashauri, aliitazama leseni yangu, akanirudishia, akaniamuru nipande kiti cha nyuma. Gari lilikuwa linapeleka chanjo Kaisho.

"Leo wewe ni abiria," alisema. "Ukirudi utaniambia umeumia wapi."

Niliumia mgongo, magoti na kichwa, maana barabara ya wakati ule ilikuwa mawe na makorongo, na dereva aliyetuendesha alikuwa na haraka zake. Jioni nilipomweleza hayo, Afisa Usafirishaji hakucheka. Aliniambia kwamba gari likiharibika litatengenezwa, lakini aliyekaa ndani yake ana watu wanaomsubiri nyumbani. Kesho yake akanipa ufunguo.

Ninyi mnaoendesha magari ya sasa, yanayojiwashia taa zenyewe kukuonya, huenda mkaona tulikuwa watu wa kujisumbua. Kila asubuhi tulilikagua gari kabla ya kuliwasha: maji ya rejeta, oili, mafuta ya breki, upepo wa matairi, taa na honi. Halafu tulijaza kitabu cha safari. Kitabu hicho hakikutoka ndani ya gari. Humo tuliandika tunakokwenda, kilomita zilizosomeka wakati wa kuondoka na wakati wa kurudi, na afisa tuliyembeba akaweka saini. Dereva aliyeandika safari kwa kukumbukia mwisho wa wiki alijuta siku ya ukaguzi.

Nilianza idara ya afya, nikibeba makasha ya baridi yenye chanjo. Baadaye nilihamishiwa kwa Mhandisi wa Maji, mtu mkimya sana, ambaye kila tulipofika penye daraja wakati wa masika alishuka, akatazama maji, ndipo akanipungia mkono nivuke. Kwake nilijifunza kusubiri. Wilaya ilipogawanywa, nilikuwa miongoni mwa madereva waliopelekwa Rubwera, yalipo makao makuu ya Kyerwa. Nilifurahi, kwa sababu kwetu ni Kamuli na kibanja changu cha migomba na kahawa kilikuwa kimeachiwa mke wangu peke yake kwa miaka mingi. Huko Rubwera nilikabidhiwa pikapu ya idara ya kilimo, na pamoja nayo Afisa Kilimo tuliyemwita Mama Adela.

Nataka mumjue. Miaka hiyo mnyauko ulikuwa unaua migomba, na kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu kwamba mgomba unaougua hauponi, lazima ung'olewe na kufukiwa. Kumwambia mzee wa Kinyambo ang'oe mgomba ulioachwa na baba yake si jambo dogo. Mama Adela hakuanza na mgomba. Alimwamkia mzee, akakaa, akauliza habari za watoto, tena kwa Kinyambo, lugha ya kwetu, na alipofika kwenye mgomba mzee mwenyewe alikuwa ameshaanza kutafuta panga. Ndani ya gari alikaa mbele, kushoto kwangu, viatu amevivua, akinisimulia mambo ya wanafunzi wa mumewe, aliyekuwa mwalimu wa sekondari pale Rubwera.

Siku ya ajali tulikuwa tunatoka kwenye mkutano wa wakulima Kaisho, kabla ya saa sita mchana. Ukungu ulikuwa umeshaondoka na barabara ilikuwa kavu. Tulikuwa tunapanda kilima chenye kona, nami nilikuwa upande wangu, mwendo wa wastani. Kwa mbele ilitokea bodaboda iliyosheheni mikungu ya ndizi, inateremka. Nyuma yake lori la mchanga, na lile lori likatoka kuipita bodaboda palepale kwenye kona. Likawa mbele yetu, upande wetu.

Nilifanya tulichofundishwa. Nilikanyaga breki na kukata kushoto. Lori likatugonga pembeni kulia, likatusukuma hadi kwenye gema, ule ukuta wa udongo kando ya barabara, na gema lilikuwa kushoto, alikokaa Mama Adela. Kila fundi na kila askari niliyemuuliza baadaye aliniambia hapakuwa na njia nyingine. Ninawaamini. Lakini mikono iliyokata usukani ni hii.

Nilivunjika mguu wa kulia mahali pawili. Ninachokumbuka ni mwanamke aliyenishika kichwa kupitia dirishani, mikono yake imejaa udongo, akiniambia kwa lafudhi ya Kinyarwanda nisilale, niendelee kumtazama. Watu walitoka mashambani, wakaivuta pikapu kwa kamba kutoka kwenye gema ili wamtoe Mama Adela. Alifariki njiani, kabla ya kufika hospitali.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika mara ya pili, na hakuna wa kulaumiwa. Baada ya ajali, askari wa usalama barabarani huja kuchora ramani. Wanapima kwa futi ya kamba: gari lilisimama wapi, alama za matairi zimeanzia wapi, vioo vimeangukia upande gani. Ramani hiyo ndiyo humwonyesha hakimu nani alikuwa kwenye upande wa nani. Lakini pikapu yetu ilikuwa imeshavutwa, lori limesogezwa ili magari yapite, na mvua kubwa ilinyesha kabla askari hawajafika kutoka kwenye shughuli nyingine. Barabara ya udongo haitunzi alama kwenye mvua. Ramani yao ilionyesha magari mawili yaliyokwishasogezwa.

Dereva wa lori aliandikisha maelezo kwamba mimi ndiye niliyehamia upande wake, kwamba nilikuwa nasinzia. Mwenye bodaboda alikuwa ameshaenda zake na hakupatikana. Basi likabaki neno langu na neno lake. Leseni zetu zote mbili zilishikiliwa na faili likafunguliwa lenye majina yetu sote.

Mama Adela alizikwa mimi nikiwa wodini, mguu umening'inizwa. Nilipoanza kutembea kwa magongo, jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kwa mumewe kumpa pole. Mwalimu alinikuta mlangoni. Hakunikaribisha.

"Sitaki kukusikia mpaka mahakama iseme," alisema, akarudi ndani.

Niliyaona maneno hayo ni halali yake. Ila kuanzia hapo nilianza kuona watu wa Rubwera wakinitazama kwa namna fulani. Madukani walinisalimia vizuri na kunyamaza nikishapita. Nilikuwa nimeendesha karibu miaka thelathini bila kumuumiza hata kuku, na sasa nilikuwa dereva aliyesinzia akamuua Mama Adela.

Nikamkumbuka yule mwanamke. Nilipata mtu wa kunipeleka Kaisho kwa pikipiki, polepole, gongo moja nimelilaza mapajani. Kumpata haikuwa vigumu. Shamba lake lilikuwa juu ya ile kona. Watu wa pale waliniambia anaitwa Mama Esperansi. Aliletwa upande huu wa mto Kagera, unaotenga nchi yetu na yao, akiwa mtoto mdogo. Mumewe alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa, na kipande walicholima maharage waliazimwa na mwenye shamba kwa sababu walimsaidia kazi. Nilimkuta anapalilia. Alinitambua kabla sijasema kitu, akaniuliza habari za mguu.

Nilimuuliza aliona nini. Alisimika jembe chini, akanionyesha kwa mkono.

"Lori lilikuwa kwenu," alisema. "Nyinyi mlikuwa kwenu, na lori nalo lilikuwa kwenu."

Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia askari siku ile. Alisema alipowaona wanakuja aliingia kwenye migomba. Watu wasio na karatasi, alisema, hawaandikishi maneno yao polisi.

Siku hiyo sikumlazimisha. Nilirudi nyumbani na kulala na maneno yake. Wiki iliyofuata nilikwenda tena. Mara ya tatu nilikwenda na mke wangu, nikijua kwamba mwanamke mwenzake atamgusa zaidi yangu, na hilo silisemi kwa kujisifu. Tulikaa kwenye jamvi nje ya nyumba yao ya udongo. Mumewe alisikiliza. Nilimweleza Mama Esperansi habari za Mama Adela, za Mwalimu, za leseni yangu. Nilimwambia hakimu anataka kujua jambo moja tu, lori lilikuwa upande gani.

"Na mengine hawataniuliza?" alisema.

"Hawatakuuliza."

"Una hakika, mzee?"

"Nina hakika."

Sikuwa nayo. Sikuwa nimewahi kuingia mahakamani maisha yangu yote. Nilijibu kama dereva anayemwambia abiria kwamba barabara ya mbele ni nzuri, naye hajawahi kuipita.

Alikwenda kituoni akaandikisha maelezo, na baada ya maelezo yake mambo yalibadilika. Walimpeleka kwenye kona, akaonyesha aliposimama, wakaona kwamba kweli kutoka pale barabara yote inaonekana. Dereva wa lori alishtakiwa. Mimi nikawa shahidi. Mwendesha mashtaka, yaani anayesimamia kesi kwa niaba ya serikali, alinionya nisimtembelee yule mama mpaka hukumu itoke, isije ikasemekana nilimfundisha maneno. Nilitii.

Siku ya ushahidi alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani. Alizungumza vizuri kuliko mimi. Alionyesha kwa viganja viwili jinsi lori lilivyotoka nyuma ya bodaboda, na jinsi pikapu ilivyokwenda gemani. Mwalimu alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti. Kisha akasimama wakili wa dereva wa lori. Hakumuuliza habari za lori. Alimuuliza amezaliwa wapi.

"Ng'ambo ya mto," alisema Mama Esperansi. "Nililetwa mgongoni."

Wakili akaanza kuuliza amekaa hapa kwa kibali gani. Hakimu alimkatisha, akasema swali hilo halihusiani na kesi iliyo mbele yake, aendelee na mengine. Hakimu alifanya haki. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na ukumbi ulikuwa umejaa watu wa Kaisho. Mama Esperansi hakumtazama wakili wala hakimu. Alinitazama mimi, na si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayehakikisha kwamba nimesikia.

Hukumu ilitoka baada ya wiki kadhaa. Dereva wa lori alikutwa na hatia, akapelekwa gerezani. Mkewe alilia kwa sauti ya chini nyuma ya ukumbi, na mimi niliyeingoja siku ile kwa karibu mwaka mzima sikupata furaha niliyodhani nitaipata. Nje, Mwalimu alinifuata nilipokuwa nahangaika na ngazi.

"Nilikuwa nahitaji mtu wa kumchukia," alisema, "na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Unisamehe." Alinishika mkono tukateremka pamoja. Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Jumamosi yake mimi na mke wangu tulikwenda Kaisho kumshukuru Mama Esperansi. Tulibeba sukari, sabuni na kitenge kipya. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mti. Maharage yalikuwa yamekauka yakiwa bado shambani, mengine yameshaanza kupasuka na kumwaga punje chini. Jirani, bibi mmoja wa Kinyambo, alitueleza kwamba waliondoka siku ya tatu baada ya ule ushahidi, asubuhi, wamebeba godoro na masufuria. Hakuna aliyewafukuza, alisema. Hakuna afisa wa uhamiaji aliyefika. Ila sokoni watu walikuwa wamelichukua lile swali la wakili wakawa wanaliuliza wao kwa wao, wengine kwa utani, na mume wake akasema ni bora waondoke wenyewe kuliko kuja kuondolewa.

Tuliyang'oa yale maharage, mke wangu na mimi, na mguu wangu mbovu, mpaka jua likageuka. Tuliyapiga, tukayapepeta, tukayaacha kwa yule bibi awatunzie. Msimu uliofuata nilipopita alisema hawajarudi, na ameyapanda yasije yakaliwa na wadudu.

Nilirudi kazini. Mkurugenzi wa halmashauri aliniandikia barua kwamba sikuwa na kosa na kwamba naaminiwa kuendelea kuendesha. Niliendesha miaka mingine mitano, hadi siku ya kustaafu, nikiwa na goti lililojua mvua kabla yangu. Popote nilipotumwa, Murongo, Isingiro, Nkwenda, niliuliza habari za mwanamke anayeitwa Mama Esperansi. Wapo waliosema walimwona upande wa Ngara. Wapo waliosema alivuka mto. Sijampata.

Madereva vijana huja kwangu kuuliza mambo ya kazi, na mengi ninayowajibu ni ya breki, kona na mvua. Wakiniuliza habari za ajali, nawaambia yote haya. Nawaambia kwamba mtu akigongwa na mwenye makosa, moyo wake hujaa haki yake hadi asione mwingine, na kwamba hapo ndipo anapoweza kumgonga mtu yeye mwenyewe. Haki yangu ilikuwa ya kweli. Mama Adela alistahili ukweli usemwe, na Mwalimu alistahili kuujua. Hata leo sijui kama ningepaswa kuacha kwenda mara ya tatu. Najua tu kwamba aliponiuliza kama nina hakika, nilipaswa kumwambia sina, nikamwacha aamue mwenyewe.

Wanangu waliikuta ile barua ya Mkurugenzi kabatini, wakataka kuitia kwenye fremu waitundike sebuleni, wageni waone kwamba baba yao alikuwa msafi. Niliwakatalia. Waliponiuliza sababu, niliwaambia barua hiyo inahusu ajali ya Mama Adela tu, waikunje waiweke ilipokuwa.