Lete Kiganja

Muuguzi wa kiwanda chetu cha unga hapa Kitale hutusalimia langoni kila asubuhi, mmoja mmoja, wala haachilii mkono haraka. Kidole gumba chake hupita kiganjani mwako huku akiuliza habari za nyumbani, na kabla hujajibu ashajua kama una homa. Majuzi Wakhungu, fundi wetu wa mashine, alimpa kifundo cha mkono, kama tufanyavyo mkono ukiwa mchafu.

"Ati kifundo? Lete kiganja, bana."

Kiganja kilikuwa kimepasuka, na kimevimba. Akamwambia akae nyumbani hadi kipone.

"Si nitakosa kazi, sista?"

"Kazi itakungoja. Hata meneja anajua hivyo."

Ilimngoja, na mshahara wake pia. Tangu hapo hatutoi kifundo tena, hata mkono ukiwa mchafu. Basi sokoni ukipewa kiganja chenye grisi, usikikatae. Huyo ni wa kwetu.