Mpunga Uliozaliwa na Madoa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau. Ni siku mama mkwe wangu alipomfunua bega binti yangu mchanga, huyo huyo mama yako, katikati ya shamba la mpunga kando ya mto Tana, ili kumzuia mzee mzima asitunyang'anye chakula kwa mikono yake mwenyewe.

Ulikuwa wakati wa vita ambavyo serikali iliviita vya shifta, yaani majambazi wenye bunduki. Wanajeshi walikuwa wamechukua ngamia wetu wote, hata yule wa kumkamulia mtoto, na sisi tukakusanywa karibu na Garissa, ndani ya kijiji kilichozungushiwa seng'enge. Kutoka ni kwa ruhusa, kurudi ni kabla jua halijazama. Watu waliokunywa maziwa maisha yao yote wakaanza kupanga foleni ya unga. Mkulima mmoja wa mtoni, Mzee Abajila, Mungu amrehemu, akatumegea kipande cha shamba lake na kutupa mbegu ya mpunga. Sisi na jembe wapi na wapi! Wanawake wa mtoni walituangalia wakacheka mpaka wakakaa chini. Lakini mpunga uliota.

Kabla haujakomaa, mume wangu Bare alichukuliwa. Wanajeshi waliwapanga wanaume mstari, wakawavua mashati, wakitafuta alama ya mkanda wa bunduki begani. Bare alikuwa na baka jeusi kwenye bega la kushoto. Baba yake, Mzee Gedi, akapiga kelele kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Afande, wallahi, bunduki habana! Hii alama nimezaa yeye nayo!" Afande akajibu kwamba alama ya bunduki anaijua yeye. Lori likaondoka na Bare, na hadi leo sijaonyeshwa kaburi.

Haukupita muda mrefu, kona moja ya shamba letu ikatoka madoa ya rangi ya kutu kwenye majani. Mzee Gedi aliheshimiwa na wafugaji kwa jicho lake. Alikuwa akimtazama ngamia kwa mbali na kukwambia ni mgonjwa kabla mnyama mwenyewe hajaanza kujikuna. Akaitazama ile kona, akasema, "Ng'oeni, mchome. Ugonjwa naujua mimi, utamaliza shamba zima."

Nilimsihi. Mtoto alikuwa amekonda, hana hata nguvu ya kulia, na kona ile haikuwa ndogo. Hakunisikia. Akainama kung'oa mwenyewe. Nadhani hakuwa akiuona mpunga kabisa. Mzee alikuwa na uchungu wa mwanawe, akatafuta kitu kimoja tu anachoweza kukiokoa.

Hapo mama mkwe akamtoa mtoto mgongoni mwangu, akamfunua bega. Baka lile lile, ambalo hata wewe unalo.

"Gedi," akasema, "na huyu naye alibeba bunduki?"

Mzee akainuka, mche mkononi.

"Yule afande pia alisema anajua. Wewe ngamia ukimtilia shaka, ulimchinja siku hiyo hiyo? Si ulimtenga, ukampa boma lake, ukangoja? Basi ngoja."

Mzee Gedi alilia, mwanangu. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata lori lilipoondoka. Alipotulia alimwendea Mzee Abajila na kuomba masalio ya mbegu tuliyopanda kwenye ile kona, maana mbegu ya kona hiyo ilitoka kwenye kibuyu tofauti na ile nyingine. Akaipanda ndani ya debe kuukuu, akaliweka mlangoni petu ndani ya seng'enge, mbali na shamba, udongo mwingine. Kila baada ya swala ya alfajiri alikuwa akilichungulia. Majani yalitoka safi, yalipokua kidogo yakapata madoa yale yale, kila mche. Na pale hapakuwa na mgonjwa wa kuyaambukiza.

"Hawakuambukizwa hawa," akatuambia. Alizungumza nao kama wanyama, hakujua namna nyingine. "Wamezaliwa hivi." Kona ikaachwa.

Mvua ilipokaza, ugonjwa wenyewe ukaja. Mpunga usio na madoa, wetu na wa majirani, ukaungua majani, mashuke yakavunjika shingo na kubaki meupe, matupu. Kona ya madoa ikasimama. Punje zake zilikuwa ndogo, mavuno si ya kujivunia, lakini mama yako alikula akaishi, na tuliyobakiza tukawagawia wa mtoni wapande.

Miaka mingi baadaye bwana shamba mmoja alinifafanulia. Mpunga wa aina ile, alisema, huua vijisehemu vya jani lake wenyewe kana kwamba adui ameshaingia, kwa hiyo kinga yake hailali, na ugonjwa ukifika unaikuta macho. Tabia hiyo hurithiwa kwenye mbegu. Gharama yake ni zile punje ndogo, maana nguvu ya kukesha inatoka kwenye chakula. Nilimwelewa upesi. Sisi tuliokaa ndani ya seng'enge ile bado tunashtuka tukisikia lori.

Nimekuita kabla hujapanda gari la Liboi kwa sababu kazi uliyopewa ni ya kukagua watu mpakani. Watasimama mbele yako wenye makovu, wenye mabaka, wenye majina yanayofanana na ya mtu anayetafutwa, na ulimi wako utataka kusema, "Najua." Uzuie. Uliza alama imetoka wapi. Ukiwa na shaka, mtenge mtu kwa heshima, mpe maji na kivuli, ungoje ukweli. Mpunga ukiung'oa kimakosa, msimu ujao utapanda mwingine. Bare wangu nimemngoja mpaka nimezeeka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho lenye subira, auzuie mkono wako usidhulumu, na kila mke atakayemngoja mumewe upande wa pili wa kizuizi chako, amjalie amwone akirudi nyumbani. Amin.