Ng'ombe Wawili wa Dada

Ufundi wangu ulilipiwa kwa ng'ombe wawili wa mahari ya dada yangu. Baba aliwatoa zizini miezi minne tu baada ya dada kuolewa, akawaswaga kutoka Nyanungu mpaka Tarime mjini, akamkabidhi fundi wa kuchomelea. Kwetu kaka huoa kwa ng'ombe wa dada yake. Mimi mke sikumtaka, nilitaka ufundi. Mzee mmoja wa ukoo alimwonya baba kwamba ng'ombe wa binti hawaguswi kabla binti hajatulia kwa mumewe. Baba akamjibu kuwa dunia imebadilika, na mimi nikashangilia, maana nilikuwa na haraka na akili yangu ilikuwa fupi.

Masharti ya fundi yalikuwa haya: miaka miwili, chakula najitegemea, miwani ya kuchomelea nanunua mwenyewe, na nikitoroka ng'ombe hawarudi. Miwani sikuweza kununua. Nilichomelea macho matupu, yakawasha kama yamepakwa pilipili. Siku moja nikafunga bawaba za geti upande usio wake. Fundi alichukua kipande cha bomba akanishushia mgongoni. Nilipokinga, akanivunja kidole hiki cha mwisho, ambacho mpaka leo hakikunjiki. Alikuwa ananipiga huku anapatana bei na mteja, na mteja hakusema kitu, alikuwa anataka apunguziwe.

Asubuhi yake nikafunga begi nikatoroka. Nilikuta nyumbani kuna aliyenitangulia kutoroka. Dada alikuwa ameketi jikoni, taya limevimba, meno mawili hayapo, mgongoni ana alama za ubapa wa panga. Kosa lake lilikuwa kuchelewesha ugali.

Kabla sijamaliza kumsalimu, mumewe akafika na ndugu zake wawili, panga mkononi, akaupiga mlango teke ukang'oka. Baba alitoka na rungu. Wangeuana pale uani kama wazee wa jirani wasingeingia katikati. Wazee wakaamua kama ilivyo desturi: mke akibaki kwao, ng'ombe warudi, wote kumi. Shemeji akaenda zizini akahesabu.

"Wako wanane. Wawili wako wapi?"

Baba alinitazama mimi.

Nilirudi mjini siku hiyohiyo, kidole nimekifunga kwa kitambaa.

"Shikamoo fundi. Naomba wale ng'ombe. Nitakufanyia kazi bure hata miaka mitano."

Fundi alicheka. "Wewe mura, wewe kijana, mmoja ndiye hiyo mashine unayochomelea. Mwingine tulishamla." Halafu akanizaba vibao viwili vya kuondoka bila ruhusa, akaniambia kesho niwahi.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Shemeji alimshika dada kwa nywele akaanza kumvuta kuelekea barabarani, na wazee walewale wakatazama pembeni, kwa kuwa sheria ilikuwa upande wake. Nilimrukia, ndugu zake wakaniangusha, wakanikanyaga mbavu. Dada alinipigia kelele nikiwa bado chini.

"Rudi kwa fundi! Ukiacha, mimi nitakuwa nimepigwa bure!"

Basi nikarudi. Nilipigwa miaka yote miwili, na kila kipigo nilikihesabu kuwa kidogo kuliko chake. Nilipomaliza nikahamia Kerende, nikawatengenezea watu milango na madirisha, nikala mlo mmoja kwa siku mpaka nikanunua ng'ombe wawili. Wale wanane baba hakuwa amegusa hata mmoja. Tukawaswaga wote kumi mpaka kwa shemeji kumkomboa dada.

Shemeji alizunguka wale wangu, akawabonyeza mbavu, akasema wamekonda. Wakati huo dada akatoka jikoni. Jicho moja lilikuwa jeupe. Mtoto hakuwa naye. Mimba mbili ziliishia kwenye mateke. Sikungoja wazee. Nilimpiga shemeji ngumi ya mdomo, alipoanguka nikampiga tena, na tena, mpaka damu yake ikaniingia kwenye kucha. Walinitoa juu yake watu wanne. Nilitozwa faini ya mbuzi dume, nikalipa siku hiyohiyo, na sijajuta hata kidogo.

Nikamchukua dada tukaja Kerende, nyumbani kwangu, ambapo uani ndipo penye karakana. Asubuhi ya kwanza alikuwa anachagua mchele kibarazani. Mimi nikaweka bati la mlango wa mteja juu ya chuma, nikashusha nyundo. Ungo ulianguka. Nilipogeuka, alikuwa amejikunyata ukutani, mikono yote miwili juu ya kichwa, anangoja.

"Dada, ni mimi."

"Najua ni wewe," alisema, mikono ikiwa bado juu. "Piga tu, mdogo wangu. Mteja anasubiri."