Saumu Yangu na Moshi wa Queensbury

Jana asubuhi, kituo cha basi hapa Queensbury, binti yangu alipuliza pumzi ikatoka nyeupe, akacheka peke yake. Ni Ramadhani. Baada ya miaka chungu nzima ya kufunga zile siku ndefu za kiangazi, Ramadhani imezunguka polepole mpaka imerudi kwenye baridi. Nikamtazama anavyoichezea pumzi yake, nikasema moyoni, laiti ungejua ilivyomliza mama yako.

Nilikuja London na mama nikiwa mtoto, miezi michache kabla ya Desemba, na Tanga nilikuwa nimeacha jambo halijakwisha. Kwa bibi, watoto tulifuturu jikoni na wakubwa barazani, kwenye mkeka. Mtoto akifunga kutwa nzima kwa mara ya kwanza, bibi humwita mkekani, humkalisha ubavuni mwake na kumpakulia kaimati kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto wa mjomba, rika langu kabisa, alishaketi pale mwaka uliotangulia, akanitambia mpaka nikamchukia. Mimi nilikuwa wa nusu siku. Ikifika adhuhuri, mbio mtungini. Basi Ramadhani ilipoingia huku nikamwambia mama, mwaka huu nafunga, tena yote.

Wallahi kulikuwa rahisi! Magharibi yenyewe saa kumi kasoro. Saa ambayo Tanga watu ndiyo kwanza wanakuna nazi, huku jua limeshazama, na hata likiwapo halina joto. Mtoto wa mjomba aliposikia akaniambia kwenye simu, "Hiyo saumu, au umechelewa tu kula chakula cha mchana?" Nikaapa nitamwonyesha.

Lakini baridi, jamani! Mimi baridi niliyoijua ni ile ya kipupwe, ya kujifunika kanga mbili ukalala. Hii ilipenya soksi, ikanipasua midomo, ikanifanya nipauke hata baada ya mama kunipaka mafuta mpaka nang'aa. Kitu kimoja tu nilikipenda, ule moshi wa mdomoni. Uwanjani shuleni watoto walishika vijiti vya penseli wakajifanya wanavuta sigara, nami nikawa mvutaji hodari kuliko wote.

Siku yangu ya kwanza ya kufunga nilikuwa katikati ya mchezo huo, nimeutoa moshi mmoja mrefu, mzuri, nikamkumbuka ustadhi wetu wa madrasa kule Tanga. Alituambia moshi unabatilisha saumu. Anayevuta sigara mchana na anayekula wali ni sawasawa. Nikaganda pale pale. Kijiti kikaniponyoka.

Nikafumba mdomo, nikauzungushia skafu. Mwalimu akiniita, natikisa kichwa. Akadhani jino linaniuma, maskini, akaniweka karibu na hita na kunifungulia skafu, nami naivuta tena juu huku machozi yananitoka.

Mama alikuwa zamu hospitalini, akifanya usafi, kwa hiyo aliyenipitia ni jirani yetu wa chini. Alikuwa mama mtu mzima wa Kihindu, mzaliwa wa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga ya zamani hasa. Akiniona tu huanza kuuliza habari za mitaa ambayo mimi hata siijui. Siku ile nilimjibu kwa kichwa tu mpaka tukaingia jikoni kwake. Alikuwa ameshakaanga bajia, na katikati ya meza kuna tende, alizozinunua kwa ajili yangu. Kuziona tu, kilio.

"Saumu yangu imeharibika," nikamwambia. "Nimetoa moshi."

Hakucheka. Akajifuta mikono. "Dini yenu siijui, mwanangu. Lakini bibi yako anaijua."

Akatoa kadi yake ya simu, ile aliyoiweka ya kuzungumza na dada yake, akapiga. Tanga wako mbele yetu kwa saa tatu, kulikuwa kumeshaadhiniwa, na bibi aliipokea akiwa anatafuna.

"Moshi gani?" akang'aka. "Mke mwenzangu, umevuta sigara?"

Nikamweleza kwa kwikwi. Bibi hajaona baridi ya namna hiyo maisha yake yote. Halafu akauliza, "Hata ukinyamaza unatoka?"

"Kwa pua, bibi."

Nikamsikia anawasimulia wa barazani, na kicheko cha baraza zima, cha mtoto wa mjomba juu ya vyote. Akarudi kwenye simu.

"Hiyo ni pumzi yako, mwanangu. Mungu hamnyimi mtu saumu kwa kuwa anapumua. Nenda kafuturu. Kaimati zako nimezitia kwenye bakuli, nimezifunika kawa. Ukija utazikuta."

Nilikula tende ile nalia na kucheka. Jirani alisimama dirishani kuniangalizia giza, na hakugusa hata bajia moja kabla yangu.

Nyumba ya jirani iliuzwa zamani. Waliopo sasa hatujuani. Mama amerudi Tanga. Binti yangu anajua vizuri kwamba pumzi ni pumzi, na nikimsimulia kisa hiki ananijibu kwa Kiingereza kwamba nilikuwa mtoto wa ajabu.

Bibi alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini mtoto wa mjomba alinipigia. Aliniambia kwamba tangu siku ile ya simu, kila Ramadhani, mpaka hii iliyopita, bibi alikuwa akinitilia kaimati bakulini na kuzifunika kawa.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekuambiaje, na mimi ndiye niliyekuwa nazila wakati wa daku?"

"Mwizi mkubwa wee!" Tukacheka mpaka tukaishiwa pumzi.

Jana tulifuturu wawili, mimi na binti yangu. Nilikaanga kaimati zikatoka ngumu, tukazila hivyo hivyo. Hii ndiyo Ramadhani ya kwanza ambayo hakuna aliyeniwekea.