Jumuiya walivyoupaka mafuta ya upako mchoro wangu wa gofu

Wakuu, salaam. Haya yametokea sebuleni kwangu, Woodbridge, huku ughaibuni, Jumamosi iliyopita. Sitaongeza chumvi, hasira niliyonayo inatosha.

Mimi ni fundi viyoyozi, kazi yangu iko Herndon. Kuchora nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya library na kushinda museum kila nikiwa off. Kinachonivuta ni zile picha za Wazungu wa zamani za magofu porini: ukuta umeanguka, mti umeota katikati, mwanga unapenya dirisha lisilo na fremu.

Nikaamua kuchora gofu ninalolijua. Shule ya msingi ya kijijini kwetu, Njombe, aliyofundisha mama yangu. Shule ilihamishwa, kuta zikaachwa, miti ikaingia darasani. Kaka alinitumia picha.

Kengele tu ndiyo haikuwemo. Ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inia mtini, mama akiigonga kwa nondo. Hiyo niliitoa kichwani.

Kazi hiyo imenichukua miezi minane. Macho ya mama yanafifia, na nilimwahidi nitamwonyesha Jumapili kwa video call.

Jumamosi ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwetu. Mke wangu aliwapokea, mimi nikiwa kazini. Narudi, nakuta picha imegeuziwa ukutani.

"Baba Neema, usishtuke," akasema Mama Joy, kiongozi wao. "Gofu ndani ya nyumba linaita maanguko. Tumeliombea tu."

"Mmeliombea kwa mikono?"

"Tumelipaka mafuta ya upako. Ya zeituni, safi kabisa."

Binti yangu akadakia kutoka kwenye ngazi: "Dad, I told them it's still wet!"

Hapa mnielewe vizuri. Rangi ya mafuta huchanganywa na mafuta ya mbegu za kitani, ambayo hukauka taratibu. Ya zeituni hayakauki. Na hawakuishia kupaka, wakapangusa kwa tishu. Anga limekuwa uji. Kengele haipo.

Nikamwambia Mama Joy, "Hilo ni darasa nililojifunzia kusoma. Lilibomolewa na mvua, siyo shetani."

"Ungetuambia, baba."

"Nani aliniuliza?"

Mke wangu akasema ni mchoro tu, nitachora mwingine.

Jumapili nikampigia mama hivyo hivyo. Akaisogeza simu karibu na jicho. Kisha:

"Darasa la kwanza lile. Mwanangu, kengele yangu umeisahau?"

Nikasema sijamaliza. Nimemdanganya mama yangu kwa sababu ya kichupa cha mafuta.

Nilichojifunza ni kidogo: zamu ya jumuiya ikikukuta kazini, chumba chenye kazi yako kifunge, ufunguo uondoke nao. Hata kama anayebaki nyumbani ni mkeo.

Anayejua namna ya kutoa mafuta ya zeituni bila kung'oa rangi ya chini, aandike hapa, nitasoma kila neno. Anayetaka kuniambia nisamehe, nimeshaambiwa na watu sita wa jumuiya wakiwa wanakula pilau yangu.